Jina Bila Sauti, Sauti Bila Jina: Chemirocha ya Kapkatet na Maadili ya Sampuli katika Muziki wa Dansi

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kisheria. Mtu anapoitwaa sauti ya mwimbaji aliyerekodiwa zamani, akaikata vipande, akavirudiarudia juu ya mdundo wa mashine na kuunda wimbo wa dansi unaovuma katika kumbi za miji ya mbali, je, huyo ni mrithi wa mapokeo au ni mnyang'anyi? Wanasheria hulijibu swali hili kwa kuhesabu miaka ya hakimiliki. Wahakiki wa fasihi simulizi wana sababu ya kulishughulikia kwa namna nyingine, kwa kuwa dhana zinazotumika kuutetea utwaaji huo zimetoka katika uwanja wao wenyewe: utunzi wa jamii, mwingilianomatini, kutokuwapo kwa matini moja iliyo asilia. Iwapo dhana hizo zimetumiwa visivyo, ni wajibu wa wenye dhana kusema hivyo.

Mifano miwili inawekwa bega kwa bega. Wa kwanza ni wimbo wa Wakipsigis uitwao Chemirocha, uliorekodiwa mwaka 1950 huko Kapkatet, kituo kilicho kwenye barabara itokayo Kericho kupitia Litein kuelekea Sotik, katika nchi ya chai. Wa pili ni "Sweet Lullaby", wimbo wa kielektroniki wa kundi la Kifaransa la Deep Forest, uliotolewa mwaka 1992 na kupata umaarufu wa dunia nzima. Nyimbo zote mbili zimejengwa kwa kitu kilichotoka mbali, na waliozijenga hawakupata kuonana na aliyekuwa asili ya kitu hicho. Hata hivyo, hukumu ya kimaadili juu yake haiwezi kuwa moja, na hoja ya makala haya ni kwamba tofauti hiyo inaweza kuelezwa kwa usahihi.

2. Kapkatet, 1950

Hugh Tracey (1903–1977), mkusanyaji wa muziki aliyezaliwa Uingereza na kuishi kusini mwa Afrika, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodia katika mojawapo ya safari zake ndefu. Baadaye, mwaka 1954, alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ijulikanayo kwa kifupi kama ILAM, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Miongoni mwa nyimbo alizozirekodi kwa Wakipsigis zimo tatu zenye anwani moja, Chemirocha. Mbili zinaimbwa na wanaume kwa kufuatana na chepkong, ala ya nyuzi iliyo ndugu ya nyatiti ya Waluo. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata sifa kuliko zote, inaimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Huyu alikuwa mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1897, akafanya kazi katika reli kabla ya kupata umaarufu wa santuri, na akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis wakati wa ukoloni, zikasikilizwa, na jina la mwimbaji likapita katika matamshi ya Kikalenjin. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaacha Tracey, wasichana walimfanya Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na katika wimbo wao walimwalika aje acheze nao, acheze kwa nguvu hata kaptura imvuke.

Maelezo haya yamezoeleka kusomwa kwa namna moja: watu wa kijijini walisikia sauti ikitoka katika sanduku, wakastaajabu, wakamzulia mwenye sauti hiyo umbo la ajabu. Usomaji huo unampendeza msomaji wa mjini, lakini unasahau mambo matatu. Kwanza, maelezo ni ya Tracey. Wasichana walikuwa mbele ya mgeni wa kizungu mwenye mitambo, na hakuna linalozuia kwamba walikuwa wakitania. Utani ni utanzu wenye kanuni zake, na anayeusoma kama itikadi anaupoteza. Pili, jina lenyewe ni kazi ya ufundi. Kiambishi Che- ndicho mwanzo wa majina mengi ya Kikalenjin, hasa ya kike, ingawa wapo pia wanaume waitwao Cheruiyot. Jimmie alipogeuzwa kuwa Chemi- alipewa mlango wa kuingilia katika mpangilio wa majina ya wenyeji. Tatu, na hili ndilo zito, wimbo ni wa mwaliko. Anayeimbwa hatazamwi kama kioja cha kuonyeshwa, anaitwa uwanjani. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone ingefaa kuwa anwani yake.

3. Sikio na mashine

Ingewezekana kusema kwamba Chemirocha ni sampuli ya kale: kipande cha utamaduni wa mbali kimechomolewa katika muktadha wake na kupachikwa katika mdundo mwingine. Tena Rodgers mwenyewe alikuwa mkopaji. Uimbaji wake ulibeba mengi kutoka kwa muziki wa Wamarekani weusi, na mwaka 1930 alirekodi wimbo mmoja pamoja na Louis Armstrong. Hivyo mnyororo unatoka kwa wafanyakazi weusi wa kusini mwa Marekani, unapita kwa mzungu wa reli, unafika kwa wasichana wa Kapkatet, kisha kwa mitambo ya Tracey, na kutoka hapo kwa yeyote mwenye kompyuta. Mtetezi wa sampuli atauliza ni pete ipi ya mnyororo huo yenye haki ya kuilaumu nyingine.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika tofauti ambayo Kiswahili chenyewe huitambua. Kukopa si kuazima. Anayekopa kibaba cha unga hurudisha unga mwingine wa kiasi hicho; ule alioupokea umekwisha kuliwa. Anayeazima jembe hurudisha jembe lilelile, na muda wote alipo nalo jembe hubaki la mwenyewe. Wasichana wa Kapkatet walikopa. Walichokipokea kwa Rodgers walikimeng'enya, na walichokitoa kilikuwa kitu kingine kilichofanywa kwa makoo yao, kwa lugha yao na kwa chepkong. Hakuna sekunde hata moja ya sauti ya Rodgers ndani ya Chemirocha. Mtengenezaji wa muziki wa sampuli, kinyume chake, huazima. Kilichomo katika wimbo wake si mfano wa sauti ya mwingine, bali ni sauti yenyewe: pumzi ileile, mkwaruzo uleule wa koo, kusita kulekule kabla ya neno. Kwa hiyo masharti yanayomhusu ni ya kuazima, na sharti la kwanza la kuazima ni kwamba yuko mtu wa kuombwa.

Haifuati kwamba kazi ya sampuli si sanaa. Kukata, kuchagua, kupima mwendo na kusikia ni kipande kipi kitakubali kukaa na kipi ni ustadi wa kweli, na atakayeukana atalazimika kukana pia ustadi wa mshonaji wa vitambaa vya viraka. Lakini ustadi wa mshonaji haujibu swali la kitambaa kilitoka kwa nani.

4. Bembelezi iliyogeuzwa dansi

Sauti inayosikika katika "Sweet Lullaby" ni ya mwanamke aitwaye Afunakwa, wa jamii ya Baegu katika kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon. Ilirekodiwa na mtaalamu wa muziki wa jamii Hugo Zemp katika safari zake za utafiti za miaka ya 1969 na 1970, na kutolewa katika mkusanyo wa santuri wa UNESCO. Wimbo wenyewe, Rorogwela, ni bembelezi ambamo mtoto mkubwa anamtuliza mdogo wake aliyefiwa pamoja naye na wazazi. Ni wimbo wa msiba uliovaa mavazi ya usingizi.

Katika mikono ya Deep Forest sauti hiyo iliwekewa kinanda cha kielektroniki na mdundo wa dansi, ikafika katika redio, kumbi za starehe na matangazo ya biashara. Msikilizaji aliambiwa habari za msitu na watu wa msituni kwa jumla. Jina la Afunakwa halikuwamo. Zemp aliandika kupinga mwaka 1996, na mwaka 2000 mwanaanthropolojia Steven Feld alichapisha uchunguzi mrefu wa kisa hicho. Jambo linalofaa kumshughulisha mhakiki zaidi lilitokea mwaka huohuo wa 1996, Jan Garbarek wa Norwei, mpiga saksafoni mwenye heshima kubwa, alipotoa utunzi wake uliotokana na lahani hiyo na kuuita "Pygmy Lullaby". Sauti ya mwanamke wa Bahari ya Pasifiki ilikwisha kuhamishiwa katika misitu ya Afrika ya Kati. Hakuna aliyekusudia uongo huo. Ulitokea wenyewe, kwa sababu sauti iliyovuliwa jina huokotwa na jina lolote lililo karibu.

Hapa mifano miwili inapinduana kabisa. Kapkatet ilimwacha Rodgers na sauti yake yote, ikalihifadhi jina lake peke yake, tena kwa uangalifu uliolivusha karibu miaka ishirini baada ya kifo chake. Deep Forest waliihifadhi sauti ya Afunakwa kwa usafi wa mitambo ya kisasa, wakaliacha jina. Katika kesi ya kwanza aliyeimbwa anabaki mtu, hata kama ni mtu mwenye kwato. Katika ya pili mtu amekuwa rangi ya muziki.

5. Hoja tatu za utetezi

Hoja ya kwanza husema kwamba fasihi simulizi haina mwenyewe. Bembelezi haikutungwa na Afunakwa. Ni ya jamii, na cha jamii ni cha wote. Hoja hii inaunganisha vitu viwili vilivyo mbali. Ni kweli kwamba wimbo ni wa jamii. Kila mhakiki wa fasihi simulizi hufundisha kwamba fanani huupokea wimbo na kuutoa upya, na hakuna utendaji mmoja ulio na mamlaka juu ya mingine. Lakini mafundisho hayohayo yanasisitiza kwamba kila utendaji ni wa fanani wake, mahali pake, mbele ya hadhira yake. Ushirika wa wimbo ulimpa kila mwana jamii ruhusa ya kuuimba kwa koo lake. Haukumpa yeyote ruhusa ya kuondoka na koo la mwenzake, kwa sababu kabla ya mashine jambo hilo halikuwezekana hata kufikirika. Kuitumia ruhusa ya kuimba kama ruhusa ya kukata sauti ni kuusomea mkataba neno ambalo halikuwamo.

Hoja hii ina historia yake katika nchi ya Sotik na Kericho, na historia hiyo haifai kupuuzwa. Mwaka 1905 utawala wa Kiingereza ulipeleka jeshi la kuwaadhibu watu wa Sotik na kuwapokonya mifugo. Sheria ya Ardhi ya Serikali ya mwaka 1915 ilihesabu hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji kuwa mali ya Mfalme. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kupanda chai katika nyanda za Kericho. Mantiki iliyokuwa chini ya hatua hizo ilikuwa kwamba kisicho na hati ya mtu mmoja hakina mwenyewe. Wimbo si shamba, na sampuli haimwachi mwimbaji bila pa kulima. Kulinganisha madhara ya mambo haya mawili kungekuwa dharau kwa waliohamishwa. Kinacholinganishwa ni kauli tu. Kauli kwamba cha jamii hakina mwenyewe imekwisha kusikika katika vilima hivyo, na wenyeji wanajua ilimalizikia wapi.

Hoja ya pili ni ya uhuru wa sanaa: matini zote ni mfumo wa matini nyingine, na kudai idhini kwa kila kipande ni kuua ubunifu. Mwingilianomatini, hata hivyo, ni maelezo ya namna maana inavyozaliwa. Si hati ya kumsamehe mtu deni. Riwaya inapoitikia riwaya nyingine, msomaji hualikwa kusikia sauti mbili. Mwitikio unaomficha anayeitikiwa unapunguza mwingiliano huo badala ya kuuongeza. Msikilizaji wa "Sweet Lullaby" ambaye hajui kwamba mtoto analilia wazazi amepewa matini moja mahali palipokuwa na mbili. Kosa hapa ni la kimaadili na la kisanaa kwa pamoja.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi: bila sampuli sauti hizi zingeoza kabatini. Ni watu wachache mno waliowahi kuisikiliza santuri ya UNESCO. Mamilioni waliisikia sauti ya Afunakwa kwa njia ya dansi. Vera Hall wa Alabama alifariki mwaka 1964, na kizazi kizima kiliisikia sauti yake kwa mara ya kwanza katika albamu ya Moby ya mwaka 1999, ambamo jina lake angalau lilijulikana. Hoja hii haiwezi kutupiliwa mbali. Kusikika ni wema. Hata hivyo inabidi kuuliza ni nani aliyeokolewa na usahaulifu. Kama kilichookolewa ni mlio, na aliyeutoa akabaki hajulikani, basi wokovu huo umekihusu kitu na kumpita mtu. Mcheza kwao hutunzwa, na anayechezeshwa ugenini bila kujua hana wa kumtunza.

6. Masharti ya kuazima kwema

Sheria haijatoa msaada mkubwa. Mwaka 1950 waimbaji wa Kapkatet hawakuwa na haki yoyote ya kimataifa kama watendaji. Mkataba wa kwanza wa aina hiyo ulitiwa sahihi Roma mwaka 1961. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliipa rekodi ya sauti ulinzi wa miaka 50, na kwa kipimo hicho rekodi za Kapkatet zilikuwa zimekwisha kutoka katika ulinzi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa kwa matumizi ya turathi zao, na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ikapitishwa mwaka 2016. Sheria hii inaitambua jamii, na hiyo ni hatua. Lakini kati ya rekodi yenye mmiliki na turathi yenye jamii, Chemutoi Ketienya kama mtu mmoja mwenye koo lake bado hana kiti kilicho wazi.

Kwa hiyo maadili yanatakiwa kusema pale ambapo sheria inanyamaza, na kutokana na uchambuzi uliotangulia masharti matatu yanajitokeza. La kwanza ni jina. Tracey, pamoja na lawama zote anazostahili mkusanyaji wa enzi ya ukoloni, aliliandika jina la Chemutoi Ketienya, na kwa sababu hiyo peke yake anaweza kutajwa leo. Hata yeye alifika nusu ya njia, kwani wenzake wa kiitikio walibaki kuwa "wasichana wa Kipsigis". La pili ni maana: anayeazima sauti ajue inasema nini, na asiifanyize kazi iliyo kinyume na usemi wake bila kujua kwamba anafanya hivyo. La tatu ni marejeo. Katikati ya miaka ya 2010 ILAM, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha rekodi za mwaka 1950 Kapkatet, na miongoni mwa waliorekodiwa walikuwamo waliokuwa bado hai, wazee sana, wakapokea sauti za ujana wao. Kitendo hicho kilichelewa kwa zaidi ya miaka sitini. Hata hivyo kinathibitisha kwamba mwenyewe wa sauti, ambaye hudaiwa hapatikani, hupatikana akitafutwa.

Wapo watengenezaji wa muziki wa dansi waliojaribu kuyatimiza masharti haya. Mradi wa Beating Heart wa Uingereza ulishirikiana na ILAM, na mwaka 2016 ukatoa albamu iliyojengwa kwa rekodi za Tracey za Malawi, kwa azma ya kuyaelekeza mapato katika kazi za jamii za huko. Mradi huo umelijibu sharti la marejeo kwa kiwango cha nchi. Bado haulijibu kwa kiwango cha mtu, kwa kuwa mkulima wa leo anayefaidika si lazima awe na uhusiano wowote na mwimbaji wa jana. Mwanamuziki Mkenya KMRU alichagua njia nyingine mwaka 2022 katika Temporary Stored, kazi iliyotumia rekodi zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati nchini Ubelgiji. Hapo kuhifadhiwa kwa sauti ugenini ndiko kulikofanywa mada, na anwani yenyewe inakumbusha kwamba kilichowekwa kwa muda hakijawa cha aliyekiweka.

7. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba kosa la kimaadili katika nyimbo za sampuli halimo katika kuchukua. Bila kuchukua pasingekuwapo Chemirocha, wala Rodgers, wala mapokeo yoyote. Kosa limo katika kuazima kwa desturi za kukopa: kuitumia sauti yenyewe ya mtu kana kwamba ni unga uliokwisha kuliwa. Kutokana na hilo, utetezi uliojengwa juu ya ushirika wa fasihi simulizi hauna msingi, kwa sababu ushirika huo ulihusu wimbo na haukupata kuhusu koo.

Inabaki shida moja ambayo masharti matatu hayaiondoi. Aliyekufa hawezi kuombwa, na jamii inayosema kwa niaba yake huenda isingekuwa chaguo lake. Katika hali hiyo wasichana wa Kapkatet wanaacha mfano. Walipomwimba Rodgers alikuwa amekwisha kufa, na hapakuwa na njia ya kumwomba. Walichofanya ni kumwita kwa jina lake, kwa kadiri masikio yao yalivyolipata, na kumpangia nafasi katika ngoma yao kana kwamba angeweza kufika. Mtengenezaji wa muziki anayeishika sauti ya marehemu anaweza kufanya kama wao: kuupanga wimbo wake kwa namna ambayo mwenye sauti, lau angeingia ukumbini usiku huo, angesikia akitajwa na angeiona nafasi yake ya kucheza.